Simamisha Picha, Uliza Swali

Mwanachuo wa ualimu akifika shuleni na kompyuta mpakato begani, sifa humtangulia kabla hajashika chaki. Wanafunzi huanza kuulizana ni lini watawekewa video. Mwalimu wa taaluma humwomba amsaidie kuingiza alama za mitihani. Mkuu wa shule naye hutumaini kwamba ile kompyuta ya ofisini, iliyogoma kuwaka tangu mwaka jana, sasa imepata fundi. Ndivyo nilivyopokelewa katika shule moja ya sekondari ya kata mkoani Morogoro, upande wa milima ya Uluguru, nilipokwenda kwa mazoezi ya kufundisha. Nasomea shahada ya ualimu wa sayansi, na masomo yangu ni Fizikia na Hisabati.

Nimerudi chuoni na jambo moja ambalo nalishikilia kuliko yote niliyojifunza huko: faida ya kompyuta darasani ipo katika zile dakika ambazo picha imesimama. Mwalimu anauliza, "Nikibonyeza hapa, kitatokea nini?" Wanafunzi wanajibu, wanabishana, wanaandika majibu yao daftarini. Hapo ndipo somo linapoingia. Picha ikianza kutembea mapema kuliko hapo, darasa huburudika, kengele hulia, na kesho yake kila mtu anakumbuka rangi tu.

Nieleze kwanza mazingira, maana ushauri mwingi wa TEHAMA huandikwa na watu wenye soketi nne ukutani. Shule za kata nyingi zilijengwa kwa nguvu za wananchi na serikali wakati wa Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulioanza mwaka 2004. Ada ilipofutwa hadi kidato cha nne kuanzia mwaka 2016, madarasa yalijaa. Darasa langu la kidato cha pili lilikaribia wanafunzi themanini, watatu watatu kwenye dawati. Umeme ulikuwepo, ila soketi iliyofanya kazi ilikuwa kwenye chumba kimoja tu cha madarasa, na nyingine ofisini. Projekta ilikuwa moja, ikitunzwa kwa mkuu wa shule ndani ya kabati lenye kufuli. Kuipata kulihitaji kuomba mapema, kusaini daftari, na kuhakikisha mwalimu mwingine hajaiwahi.

Kisha kuna jua. Miezi ya kiangazi mwanga wa asubuhi huingia kwenye madirisha yasiyo na pazia ukaifuta picha yote ukutani. Wanafunzi wa kike ndio walioleta suluhisho: vitenge viwili kutoka bwenini, vikafungwa kwenye nondo za dirisha kwa kamba za katani. Chumba kikawa na giza la kutosha kuona picha, na joto la kutosha kumfanya mtu asinzie. Nikajua kwamba kila dakika ya picha nitailipia kwa usingizi wa mtu aliyekaa nyuma, kwa hiyo picha iwe fupi na iwe na kazi.

Mwalimu mlezi wangu wa Fizikia alikuwa mzee wa kazi, mtu wa chaki na vipande vya waya mfukoni. Nilimpelekea andalio la somo langu la kwanza la umeme, ambalo ndani yake nilikuwa nimepanga video. Alilisoma lote kimya, kisha akauliza:

"Mwanangu, video hii inaanza dakika ya ngapi?"

"Ya tano, Mwalimu."

"Na wanafunzi wanaanza dakika ya ngapi?"

Hakusema zaidi. Akanialika nikamtazame akifundisha. Alikuwa anafundisha kidato cha tatu, na mkononi alishika jiwe na karatasi iliyofinyangwa. Kabla ya kuviachia, alivificha nyuma ya mgongo na kuwataka wanafunzi wote waandike: kipi kitatangulia chini, na kwa nini. Hakuviachia hadi mabishano yalipopamba moto na kijana mmoja akasimama juu ya dawati kujitetea. Vilipoanguka, hakuna aliyekuwa akitazama dirishani. Mzee yule hakuwa na kifaa chochote chenye skrini, lakini alikuwa na kile ambacho skrini yangu ilihitaji.

Nikaondoa video. Badala yake nikachukua programu ya kuiga majaribio kutoka mradi wa PhET wa Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, Marekani. Mradi huo uliasisiwa mwaka 2002 na mwanafizikia Carl Wieman, aliyekuwa ametoka kupata Tuzo ya Nobel mwaka mmoja kabla. Majaribio yake ni ya bure. Kila jaribio ni faili moja la megabaiti chache. Ukishalipakua mjini penye mtandao mzuri, linafunguka kwenye kivinjari bila intaneti, hata kwenye simu, na unaweza kumrushia mwalimu mwenzako kwa Bluetooth. Kwa mtu anayenunua bando kwa fedha ya kujikimu, hilo lina uzito kuliko uzuri wa michoro. Tofauti yake na video ni hii: video ina njia moja ya kwenda, lakini jaribio la kuigiza linasubiri. Halifanyi kitu mpaka uliamuru.

Siku ya somo nilijenga saketi ukutani kabla hawajaingia: betri ya volti 9, balbu moja yenye ukinzani wa omu 10, ammeta moja kabla ya balbu, nyingine baada yake, na swichi iliyo wazi. Nikawauliza: nikifunga swichi, ammeta ipi itasoma zaidi? Kidole kimoja kwa anayesema ya kwanza, viwili kwa anayesema ya pili, vitatu kwa anayesema zitasoma sawa. Vidole viwekwe kifuani, ili jirani asiige. Nikapita katikati ya madawati nikitazama. Wengi walikuwa na kidole kimoja.

Nikamwomba kijana wa dawati la mbele atetee jibu lake. Akasimama bila wasiwasi.

"Madam, balbu inakula umeme. Ndiyo maana LUKU inaisha. Sasa kama umeliwa, ukitoka upande wa pili utakuwa umepungua."

Darasa likaguna kwa kumkubali, na ukweli ni kwamba hoja ilikuwa nzuri. Kijana hakukosea kwa uvivu. Alikuwa ametoa ushahidi kutoka nyumbani kwao. Nikauliza kama kuna wa kumpinga. Msichana mmoja aliyekaa karibu na dirisha la kitenge akanyoosha mkono nusu.

"Kama umeme unaliwa wote hapo, ule waya wa kurudi kwenye betri una kazi gani?"

Nikawapa dakika mbili wabishane na majirani zao. Kelele ilifika ofisi ya walimu, nasikia. Tulipopiga kura tena, vidole vitatu vilikuwa vimeongezeka sana, ingawa kijana wa LUKU na kundi lake walibaki palepale. Wakati wote huo skrini ilikuwa haijabadilika hata kidogo. Ndipo nikafunga swichi. Ammeta zote mbili zikasoma 0.90. Nikawaonyesha vile vidoti vya buluu vinavyowakilisha elektroni, vikitembea kwa mwendo uleule kabla na baada ya balbu.

Yule kijana hakukaa chini. Akauliza, "Basi LUKU inahesabu nini?"

Hilo ndilo swali ambalo mwalimu yeyote wa Fizikia angelilipia. Uniti ya LUKU, ule umeme wa kulipia kabla, ni kilowati-saa, kipimo cha nishati. Mkondo unarudi wote kwenye betri. Kinachobaki kwenye balbu ni nishati, iliyogeuka mwanga na joto. Ningeweza kuyasema hayo dakika ya kwanza, wangeyanakili vizuri, na wangeendelea kuamini kwamba balbu inakula mkondo. Sasa walikuwa wanayadai wenyewe. Kipindi kilichofuata kikawa cha nishati na bili ya umeme, nje ya mpangilio wa azimio la kazi, na mwalimu mlezi akasaini bila neno.

Baadaye, maktabani, nilikuta kwamba jambo hili la kutabiri kwanza limechunguzwa. Richard White na Richard Gunstone waliliandika mwaka 1992 kama utaratibu wa hatua tatu: tabiri, tazama, eleza. Eric Mazur wa Chuo Kikuu cha Harvard alijenga ufundishaji wake wa Fizikia juu ya maswali ya kura, mabishano ya majirani, kisha kura ya pili. Na mwaka 2004, Catherine Crouch, Mazur na wenzao walichapisha utafiti kuhusu majaribio yanayoonyeshwa mbele ya darasa. Waligundua kwamba wanafunzi waliotazama tu hawakuielewa dhana vizuri zaidi kuliko wale ambao hawakuonyeshwa kabisa. Waliotakiwa kutabiri kwanza ndio waliopata faida ya wazi. Na hayo yalikuwa majaribio ya kweli, mezani, mbele ya macho yao. Sioni sababu ya projekta kuwa na msamaha ambao meza haikuupata.

Lakini skrini nayo ina uongo wake mdogo, na wanafunzi ndio walioufichua. Wiki iliyofuata tuliunganisha balbu mbili kwa mfuatano. Kwenye kompyuta zilififia zote mbili kwa kiwango kimoja, sawa na utabiri wa wengi. Kisha nikagawa vifaa vya kweli: betri za redio za volti 1.5, mbili mbili, balbu za tochi kutoka dukani, na vipande vya waya vya mwalimu mlezi. Kundi moja likaniita kwa haraka. Balbu yao moja iliwaka vizuri, nyingine ilikuwa na wekundu tu wa waya wa ndani, kama kijinga kinachozimika.

"Madam, kule zinalingana, huku hazilingani. Ya kweli ni ipi?"

Walikuwa wameshajaribu kubadilisha nafasi: iliyofifia ikawekwa mbele, ikabaki imefifia. Kwa hiyo nafasi haikuwa sababu, na nadharia ya mkondo kuliwa njiani ikafa hapohapo mikononi mwao, safi kuliko nilivyoweza kuiua mimi. Maabara ilikuwa na ammeta moja nzima. Tukaisogeza kabla, katikati na baada. Usomaji ukawa uleule. Mkondo ni mmoja, balbu ni tofauti. Tukazigeuza kuangalia kwenye kitako: moja ilikuwa imeandikwa volti na ampea tofauti na mwenzake. Muuzaji alikuwa ametuchanganyia.

Tukarudi kwenye kompyuta. Nikauliza: tukitaka kompyuta nayo ionyeshe balbu zisizolingana, tubadilishe nini? Walifikiri, mmoja akasema ukinzani. Tukaiacha balbu ya kwanza na omu 10, ya pili tukaipandisha hadi 20. Kabla sijafunga swichi nikawataka waseme ipi itang'aa zaidi. Wengi walisema yenye ukinzani mdogo, kwa sababu "inapitisha kirahisi." Swichi ikafungwa, na yenye omu 20 ikang'aa zaidi. Kwa nini? Tukapiga hesabu ubaoni: volti 9 kugawanya kwa omu 30 ni ampea 0.3, nguvu ya balbu ya kwanza ni wati 0.9, ya pili wati 1.8. Mkondo ukiwa mmoja, mwenye ukinzani mkubwa ndiye anayechukua nishati nyingi zaidi.

Kwa hiyo ile balbu ya tochi iliyofichua uongo wa kompyuta, kompyuta ndiyo iliyotusaidia kuieleza. Kompyuta ilikuwa imechukulia kwamba balbu zote ni pacha na kwamba ukinzani haubadiliki zinapopata moto. Balbu ya dukani haina adabu hiyo. Tangu siku hiyo sikuwahi tena kuonyesha jaribio la kuigiza bila kuweka kitu cha kweli mezani pembeni yake, hata kama ni betri moja na waya uliochubuliwa kwa meno. Mwanafunzi anayeona kompyuta peke yake huamini kwamba dunia ni safi. Anayeona betri peke yake huchoka na waya unaochomoka. Akiviona vyote viwili hupata swali la kuuliza.

Upande wa Hisabati nilitumia GeoGebra, programu ya bure ambayo Markus Hohenwarter aliianza mwaka 2001 akiwa Chuo Kikuu cha Salzburg, Austria. Unaandika mlinganyo, y = mx + c, unapata mstari na kitelezi cha m; ukikisogeza, mstari unainuka au kulala. Ni kitu cha kuvutia, na hapohapo ndipo mtego ulipo, maana mwalimu anaweza kukisogeza kipindi kizima huku darasa likishangilia bila mtu kujua m ni nini.

Kidato cha kwanza niliwaambia: mkono wako wa kulia ndio mstari. Sasa m ni 2, onyesheni. Mikono ikapanda. Nikipunguza m iwe nusu, mkono utakaaje? Ikashuka kidogo. Ikiwa sifuri? Ikalala. Ikiwa hasi 2? Hapo darasa likagawanyika: wengine walishusha mkono kuelekea kulia, wengine wakaurudisha kushoto, mmoja akaukunja kiwiko kwa kukosa pa kuupeleka. Jambo moja nawashauri wenzangu watakaolijaribu: ukisimama ukiwatazama, kulia kwao ni kushoto kwako, na kila mkono sahihi utauona umekosewa. Nilisimama nimewapa mgongo, nikaelekea ukutani kama wao, nikageuza shingo tu.

Mikono ikiwa bado hewani, umeme ukakatika. Feni ya projekta ikanyamaza, ukuta ukabaki ukuta. Kompyuta yangu ilikuwa na chaji, lakini skrini ya inchi 14 haiwezi kuwatosha watu sabini na kitu. Wanafunzi wakaanza kulalamika kwa ile sauti ya pamoja inayojulikana kila mahali umeme wa TANESCO unapofika. Nikawaambia hakuna kushusha mkono; kila mtu aangalie mkono wake, aukumbuke, kisha afungue daftari la mraba achore y = -2x kwa kutafuta nukta zake mwenyewe: x ikiwa 0, ikiwa 1, ikiwa 2. Wakachora. Yule wa kiwiko akaangalia nukta zake zikiteremka, akainua mkono kuulinganisha na mstari wa daftarini, akacheka peke yake. Somo lilifika mwisho kabla ya kengele, na umeme ulirudi jioni.

Nimewaza mara nyingi: kama ningekuwa nimepanga kuonyesha tu, kipindi kile kingekuwa kimekufa saa ileile projekta ilipozimika. Kilichokiokoa ni kwamba utabiri ulikuwa umeshatolewa. Mwanafunzi akishaweka dau, atatafuta jibu kwa njia yoyote iliyobaki, na penseli ni njia mojawapo.

Yapo mambo ambayo sikuyapeleka kwenye projekta kabisa. Katika kutatua mlinganyo hatua kwa hatua nilibaki na chaki. Chaki ina polepole yake, na polepole hiyo ni msaada: mwanafunzi anaandika ninapoandika, na nikisita kabla ya kuhamisha namba upande wa pili, naye anasita na kufikiri. Slaidi hutokeza hatua nne kwa mpigo, na wote huanza kunakili kutoka juu kwenda chini bila kujua ya pili imetokana vipi na ya kwanza. Michoro ya vitabu vya Taasisi ya Elimu Tanzania niliisoma kwenye maktaba mtandao yao kwa simu yangu usiku, nikaichora upya ubaoni asubuhi. Kumtuma mwanafunzi akasome mwenyewe mtandaoni haikuwezekana; simu haziruhusiwi shuleni, na nyumbani kwa wengi simu janja ni ya baba, inaondoka naye alfajiri.

Tulipata njia ya kuwafanya waguse vifaa. Vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya mwaka 2022 viligawiwa kwa walimu baada ya kazi ile, na walimu kadhaa wa shule yetu waliniazima vyao kwa kipindi kimoja kimoja. Niliweka faili la saketi kwenye kila kimoja, nikagawa makundi. Dakika chache za mwanzo zilionyesha yale ambayo kila mwalimu anayajua: kishikwambi kilikwenda kwa mvulana mwenye mikono ya haraka, wengine wakawa watazamaji wa mabega yake. Nikaweka sheria: anayeshika haamui. Kazi yake ni kufanya tu anachoambiwa na kundi, na kabla ya kugusa lazima mmoja wao awe ameandika kwenye karatasi nini kitatokea. Baada ya kila jaribio kinahamia mkono mwingine. Sheria hiyo iliwaudhi wenye mikono ya haraka, lakini wasichana wawili ambao sikuwahi kuwasikia wakiongea walianza kutoa amri. Mmoja alimwambia mwenzake amwekee betri ya pili kinyume na ya kwanza, "tuone kama zitagombana." Zikagombana; balbu ikazimika. Yeye ndiye aliyelieleza darasa zima kwa nini volti 9 na volti 9 zimekuwa sifuri.

Wenzangu wengi wa mazoezi siku hizi huandikiwa andalio la somo na programu za akili bandia. Nami nimezitumia, na sioni aibu kulisema. Hukupa andalio lililopangika vizuri, lenye kila kipengele, lililoandikwa kwa ajili ya darasa la watu ishirini na maabara kamili. Matumizi yaliyonifaa yalikuwa mengine. Niliiomba programu iniorodheshee majibu yasiyo sahihi ambayo wanafunzi huyatoa kuhusu umeme, na kwa nini huyaamini. Kutoka hapo nilitengeneza chaguo za kura zangu. Dhana kwamba mkondo hupungua baada ya balbu ilikuwemo kwenye orodha. Hoja ya LUKU haikuwemo; hiyo ilitoka dawati la mbele. Ndiyo maana baada ya kila kipindi nilijaza ukurasa wa nyuma wa daftari langu la maandalio kwa majibu ya wanafunzi yaliyonishangaza. Mwaka ujao orodha hiyo itanisaidia kuliko programu yoyote, kwa kuwa ni ya watoto wa hapahapa.

Sasa nije kwenye alama. Msimamizi kutoka chuoni hufika na fomu, hukaa dawati la nyuma, hujaza. Miongoni mwa vipengele kuna matumizi ya TEHAMA, na kila mwanachuo anajua. Matokeo yake ni kwamba projekta huazimwa kwa nguvu siku ya ugeni. Nimewasikia wanachuo wa shule za jirani wakisimulia walivyoikodi mjini kwa ajili ya kipindi kimoja. Siku ya kwangu, msimamizi aliniona nimeacha saketi ukutani ikiwa haijawashwa kwa muda mrefu, huku darasa likipiga kelele. Baada ya kipindi tulikaa chini ya mwembe, akaniuliza kama kompyuta ilikuwa imeganda.

Nikamweleza kuhusu kura ya kwanza na ya pili. Akanisikiliza, akaomba daftari la mwanafunzi mmoja lililokuwa limeachwa dawatini, akalisoma. Mlikuwa na jibu la kwanza limekatwa kwa mstari mmoja, jibu la pili chini yake, na sababu ya kubadilika kwa sentensi mbili zenye tahajia ya kubahatisha. Akasema fomu haina mahali pa kuandika hicho. Akakiandika pembeni.

Hapo ndipo ninapotaka kuwageukia walimu wetu wa vyuo na wenzangu wanaojiandaa kwenda mazoezini. Mtaala ulioanza kutekelezwa kwa awamu tangu Januari 2024 umejengwa juu ya umahiri, yaani mwanafunzi aweze kutenda, na vifaa vinaendelea kuingia shuleni, kimoja leo, kingine mwakani. Mafunzo yetu yanatufundisha kuviwasha: kuunganisha waya, kutengeneza slaidi, kupakua video. Ni ujuzi wa kujifunza mchana mmoja. Kinachochukua muda ni kujua pa kusimama, na huo ni ujuzi wa somo lenyewe: ni lazima ujue ni wapi hasa wanafunzi wa kidato cha pili hukosea, uandae swali linalopiga hapo, na uwe na uvumilivu wa kuiacha picha itulie wakati kila mtu, hata wewe, anatamani kuiona ikitembea. Mwalimu mlezi wangu aliujua huo kwa jiwe na karatasi. Anastahili kualikwa chuoni kuufundisha.

Na ile fomu ibadilishwe. Mahali palipoandikwa "matumizi ya TEHAMA" ningeongeza mstari mmoja: wanafunzi walisema nini kabla mwalimu hajabonyeza? Mwenye projekta akishindwa kuujaza, apewe alama sawa na aliyeiacha projekta kabatini. Mwenye chaki tupu akiujaza, apewe alama zake zote.